Pima Hasara Kabla ya Faida

Akina mama wa Kilosa na Mikumi si wageni wa mikopo. Wengi wetu tumo katika VICOBA. Tunakutana, tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, kisha tunakopeshana. Katika vikundi vingi mwanachama anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Mwenye hisa za shilingi 100,000 anapata 300,000, ananunua mchele au vitunguu, anauza, anarejesha pamoja na riba, na kinachobaki kinasaidia nyumbani.

Mwezi huu tunazungumzia jambo la jamii hiyo hiyo, yaani kufanya biashara kwa fedha nyingi kuliko ulizo nazo. Siku hizi biashara hiyo imeingia katika simu za mkononi. Vijana wetu, waume zetu, na baadhi yetu wenyewe, wananunua na kuuza sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, tena kwa mkopo. Hatuandiki ili kumsuta mtu. Tunataka kila mama aielewe hesabu yake, apate kuuliza maswali yanayofaa kabla ada ya shule haijaondoka.

Mkopo huu ukoje?

Tuseme umeweka shilingi 100,000 katika kampuni ya mtandaoni kama dhamana. Kampuni inakuruhusu kununua sarafu za shilingi milioni 1, yaani mara kumi. Bei ikipanda kwa asilimia 10, unapata faida ya shilingi 100,000, na fedha yako imekuwa maradufu. Hapo ndipo watu wanaposhangilia.

Lakini bei ikishuka kwa asilimia 10, hasara ni shilingi 100,000, ambayo ndiyo dhamana yako yote. Kikundi chetu kinaweza kumsikiliza mwenzetu aliyeuguliwa na mtoto na kumwongezea muda. Kampuni ile haina muda huo. Mtambo wake unauza sarafu zako papo hapo, mara nyingi hata kabla hasara haijafika asilimia 10 kamili, ili fedha yake isipotee. Vijana wanaita hali hiyo "kuunguza akaunti". Bei ikipanda tena saa moja baadaye, wewe humo tena.

Mkopo ukiwa mara 20, bei ikishuka asilimia 5 tu umekwisha. Ukiwa mara 50, ni asilimia 2. Ukiwa mara 100, ni asilimia 1.

Na bei hizo hutikisika kweli kweli. Tarehe 12 Machi 2020, Bitcoin ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya bei yake kwa siku moja. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe aliweza kuvumilia, na mwaka 2024 bei ikavuka kiwango kile cha zamani. Aliyenunua kwa mkopo wa mara kumi alikuwa ameshatolewa zamani.

Funzo la barabara ya Mikumi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Madereva hutakiwa kupunguza mwendo, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Hakuna dereva ajuaye twiga atavuka saa ngapi. Anachoweza kuchagua ni mwendo wake tu. Aendaye polepole atamwona mnyama na kukanyaga breki. Aendaye kasi, mnyama yule yule atamwua.

Bei ya sarafu ni kama mnyama huyo, na mkopo ndio mwendo. Wapo wanaouza mafunzo wakidai wanajua twiga atapita wapi. Fundisho la kweli la biashara hii ni kuchagua mwendo.

Kanuni za kujikinga

Kwanza, tenga fedha ambayo hata ikipotea yote watoto watakula na kusoma. Ada, fedha ya mbegu, hisa za VICOBA na mfuko wa kikundi zisiguswe kabisa.

Pili, amua hasara kabla ya kununua. Wafanyabiashara waangalifu hawakubali kupoteza zaidi ya asilimia 1 au 2 ya mtaji katika biashara moja. Tuseme mtaji ni shilingi 500,000. Asilimia 2 ni shilingi 10,000. Ukipanga kutoka pindi bei ikishuka asilimia 5, basi unaruhusiwa kununua sarafu za shilingi 200,000 tu, kwa kuwa asilimia 5 ya 200,000 ni 10,000. Tazama vizuri hapo, mama. Shilingi 200,000 ni chini ya nusu ya mtaji wako. Hesabu yenyewe imekuambia kwamba mkopo haukuhitajika.

Tatu, weka agizo la kuuza mapema, siku ile ile unaponunua. Watu wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, maji ya mto Mkondoa yalipovunja tuta na maelfu wakabaki bila makazi. Tuta hutengenezwa kiangazi, mvua ikianza umechelewa. Hata hivyo jua kwamba bei ikiporomoka kwa kasi, agizo lako linaweza kutekelezwa kwa bei ya chini kuliko uliyopanga.

Nne, usiongeze fedha ili kufidia hasara. Aliyepoteza nusu ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa. Mwenye shilingi 500,000 akipoteza asilimia 2 ya alichonacho mara kumi mfululizo, anabaki na takriban 408,000. Akipoteza asilimia 20 kila mara, anabaki na takriban 54,000.

Tano, andika kila kitu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Jihadhari na faida ya hakika

Tuliyoeleza ni biashara yenye hatari. Wapo pia wasiofanya biashara yoyote, bali huchukua fedha ya huyu wakampa yule. Hatujasahau DECI, ambayo baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, watu wengi walibaki wakidai mbegu zao. Akija mtu akikuahidi faida ya kila wiki bila hasara, hata kama mnaimba naye kwaya moja, mkatalie kwa upole.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi, ikisema fedha halali nchini ni shilingi. Mwaka 2024 sheria iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijiti. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Akaunti ikiungua, hakuna wa kukurudishia.

Nyumba yenu

Hatari kubwa kuliko zote ni mkopo juu ya mkopo, yaani mtu kuweka nyumba rehani ili apate dhamana ya kwenda kukopa tena mtandaoni. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mume wala mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo, mama, usitie sahihi karatasi usiyoielewa, na wewe pia usifanye siri kwa mumeo.

Jioni moja watoto wakishalala, keti na baba watoto, si kwa ugomvi, mwulizane maswali matatu. Ni fedha ipi iliyomo? Mkopo ni mara ngapi? Ikipotea yote kesho asubuhi, ni nini kitakachokosekana hapa nyumbani? Kama swali la tatu linawatia hofu, toeni fedha hiyo wakati bado ipo.