Walinzi wa Chumbe

Kusini ya mji wa Unguja, mwendo wa kilometa 12 hivi kwa bahari, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Urefu wake wapata kilometa moja tu. Juu yake mna msitu, na mnara wa taa uliojengwa mwaka wa 1904 ili kuongoza vyombo. Lakini mali ya Chumbe imo majini. Upande wa magharibi uko mwamba wenye matumbawe ya namna 200 hivi, na samaki wa namna zaidi ya 400 huonekana humo.

Watu wengi hudhani kuwa tumbawe ni jiwe. Kumbe limejengwa na wanyama wadogo sana, na yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Nanga ikitupwa juu yake, au wavuvi wa kigumi wakilipiga kwa miti ili kuwatoa samaki, kazi ya miaka mingi huvunjika mara moja.

Basi mwaka wa 1994 Serikali ya Zanzibar iliamuru mwamba ule uhifadhiwe, pasivuliwe samaki. Kuandika amri ni jambo jepesi. Lakini nani atailinda? Walichaguliwa wavuvi wenyewe, watu wa vijiji vya karibu, wakafundishwa khabari za matumbawe, wakawekwa kisiwani bila silaha. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mtu aliyekuwa akivua jana, leo amzuie jirani yake! Na yule aliyemo mtumbwini hakuja kwa uadui. Ana watoto, na chungu chao kinamngoja.

Wangaliweza kumfedhehesha: kumchukua mpaka dikoni pamoja na nyavu zake, na kumwita mwizi mbele ya watu. Lakini mtu aliyetahayarishwa mbele ya watoto wake hafikiri khabari za matumbawe, hufikiri aibu yake. Hurudi usiku, bila taa, na wenziwe humficha kwa kuwa wamemwonea huruma.

Walinzi wa Chumbe walishika njia nyingine. Wakiona chombo kimeingia mpakani, hukiendea, wakaamkiana na waliomo kama ilivyo desturi, mzee akapewa shikamoo yake. Ndipo huanza mazungumzo. Mvuvi aweza kuuliza, “Bahari ni ya Mungu, wewe wanizuiaje?” Swali hilo si la kuchekwa, na mlinzi hulijibu kwa upole. Hueleza kwamba samaki mkubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa, na kwamba mwamba ukijaa, samaki hutoka wakaenda nje ya mpaka, ambako ruhusa ya kuvua iko. Maneno hayo husadikiwa upesi zaidi yakitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kuvuta nyavu, ajuaye maana ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Si wote waliokubali. Wengine walirudi mara ya pili na ya tatu, wakaelezwa tena. Kila chombo kinachoingia huandikwa daftarini, na aina ya uvuvi wake, ili ijulikane kama wanazidi au wanapungua.

Na siku za pepo kali, chombo cha mvuvi kikiharibika karibu na Chumbe, walinzi wale wale ndio wanaokwenda kumsaidia.