Dhima ya Mikutano ya Wanahabari wa Afya katika Usambazaji wa Maarifa ya Tiba kwa Kiswahili

Habari za afya hazifanani na habari nyinginezo. Jina la mchezaji likikosewa gazetini, sahihisho la kesho yake hutosha. Mzazi akielewa visivyo habari ya chanjo, huenda sahihisho lisimfikie kabla ya mtoto kuugua. Ndiyo maana wanahabari wanaoandika kuhusu tiba wamejiundia vyama na mikutano yao.

Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanahabari wa sayansi ulifanyika Tokyo mwaka wa 1992, na shirikisho lao la dunia likaasisiwa mwaka wa 2002. Nchini Kenya, chama cha MESHA huwakutanisha wanahabari wa mazingira, sayansi, afya na kilimo. Miongoni mwa shughuli zake ni mikahawa ya sayansi: vikao vidogo ambamo mtafiti hueleza kazi yake, naye mwanahabari akauliza hadi akaelewa. Kuuliza si ujinga, wahenga walinena.

Manufaa ya vikao hivyo ni mawili. Kwanza, mwanahabari hupata mtaalamu wa kumpigia simu siku ambayo maradhi yamezuka na uvumi umetapakaa. Pili, hujifunza kupima ushahidi: utafiti ulihusisha watu wangapi, ulilinganisha nini na nini, na ni nani aliyeugharimia. Swali hili la mwisho linauhusu mkutano wenyewe pia. Kampuni ya dawa ikilipia nauli na malazi ya mwanahabari, uhuru wa kalamu yake unatiwa majaribuni. Hivyo msomaji ana haki ya kuelezwa ufadhili huo.

Hata hivyo, pana pengo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulitazama. Aghalabu mtafiti huzungumza Kiingereza, ilhali msikilizaji wa redio hungoja Kiswahili. Tafsiri hufanywa na mwanahabari, peke yake, saa chache kabla ya taarifa kusomwa.

Chukua mfano wa chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mnamo Septemba 2019. Katika majaribio, watoto waliopata dozi nne waliepushiwa takriban visa vinne katika kila kumi kwa muda wa miaka minne hivi. Mtangazaji akisema kwamba chanjo "huzuia malaria", mzazi aweza kukitupa chandarua. Akisema "hupunguza", chandarua kitabaki kitandani. Vivyo hivyo, plasebo, yaani kitu kisicho na dawa kinachopewa kundi la ulinganisho, ikiitwa "dawa bandia", msikilizaji atafikiria dawa ghushi za madukani, naye atawashuku watafiti kwa ulaghai.

Makosa haya hayatokani na uchache wa maneno ya Kiswahili, kwani "punguza" ni neno analolijua kila mtoto. Yanatokana na kikao ambamo daktari na mwanahabari wapo, lakini mwanaisimu hayupo. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina watu wa kuijaza nafasi hiyo. Yafaa basi viombe kualikwa, ili istilahi ijadiliwe mbele ya mtafiti mwenyewe, kabla ya taarifa kufika hewani.