Ndoana ya Bibi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia jinsi alama moja isiyoandikwa ilivyomvusha shangazi yangu mto, sufuria ya wali kichwani.

Nilikuwa darasa la pili, Pangani mjini. Baba alikuwa dereva wa lori na siku hiyo alikuwa anarudi kutoka kusini kwa njia ya Saadani. Shangazi, dada yake, alikaa Bweni, ng'ambo ya mto, mahali ambapo siku hizo malori yalipita kabla ya kupanda pantoni. Tulimngoja baba tangu juzi yake. Bibi, ambaye hakujaliwa kwenda shule, akaniita: "Mjukuu wangu, wewe unayejua kalamu, niandikie kikaratasi. Muulize shangazi yako: Baba amefika?"

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: shangazi baba amefika. Nikakikunja, nikampa mvuvi aliyekuwa anavuka.

Jioni shangazi akatutokea mlangoni akihema, sufuria kichwani, bakuli la kuku wa nazi mkononi. "Yuko wapi kaka yangu?" Tukatazamana. Bibi akaomba asomewe kile kikaratasi. Aliposikia, akaniambia taratibu: "Mjukuu wangu, mimi niliuliza. Karatasi yako imejibu."

Kesho yake nilimpelekea mwalimu kikaratasi changu. Hakunigombeza. Aliandika ubaoni maneno mawili, baba amefika, akayafumua mbele yetu kama mtu anayefumua mkeka, ukindu mmoja mmoja.

Alianza na herufi, yaani alama tunayoichora ili kuiwakilisha sauti. Tulihesabu, zikawa 11. Kati ya hizo, 6 zilikuwa irabu: a, a, a, e, i, a. Sema "aaa" sasa hivi. Umeona? Midomo haifungi, ulimi hauzuii kitu, pumzi inatoka huru. Hiyo ndiyo irabu, na Kiswahili kina irabu 5 tu: a, e, i, o, u. Zilizobaki, b, b, m, f, k, ni konsonanti. Sema "ba" polepole, utasikia midomo ikigusana kwanza. Kwenye konsonanti, pumzi hukutana na kizuizi.

Kisha mwalimu akatuambia tupige makofi: ba-ba, a-me-fi-ka. Makofi 6. Kila kofi ni silabi, kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja. Irabu 6, silabi 6, kwa sababu silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu. Chache husimama bila irabu, kama m ya mtu: m-tu, makofi mawili.

Silabi zikiungana na kuleta maana, tumepata neno. Wakati mwingine silabi moja peke yake inatosha, kama la. Maneno yakipangwa yakabeba wazo kamili, tumepata sentensi. Sentensi zinazozungumzia jambo moja zikikaa pamoja, tumepata aya. Na kila sentensi huanza kwa herufi kubwa, ikaisha kwa alama.

Hapo mwalimu akasoma maneno yetu mara mbili. Baba amefika. Sauti ikashuka, ikatua. Baba amefika? Sauti ikapanda, ikabaki inangoja. Hakuna herufi iliyoongezwa wala neno lililohama. Kwa Kiswahili, mara nyingi sauti peke yake hutosha kuuliza. Lakini karatasi haina sauti. Ndiyo maana tuna nukta ya kutua, mkato wa kupumua kidogo, na alama ya kuuliza ya kungoja jibu.

Wazee wa pwani waliijua taabu hii ya karatasi kukosa sauti. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Iko nakala ya shairi refu, Utendi wa Tambuka, ya mwaka 1728 iliyoandikwa hivyo. Hati ile ilikuwa na alama 3 za irabu fupi, nasi tuna irabu 5. Basi pita, la mtu apitaye njiani, na peta, la mama apetaye mchele, yaliweza kuandikwa sawasawa, msomaji akayatambua kwa kutazama maneno ya jirani.

Jioni niliandika upya: Shangazi, baba amefika? Nikamwonyesha Bibi ile alama ya mwisho. Akaipapasa kwa kidole, mkunjo wake na nukta iliyo chini yake.

"Si ndoana hii?" akauliza. "Basi itie kila ninapouliza. Bila ndoana, jibu litapandaje?"

Baba alifika siku iliyofuata. Na tangu hapo, kila nilipomwandikia Bibi barua, kabla sijaikunja alinishika mkono na kuniuliza: "Ndoana umeitia?"