Mashine Iliyowaondoa Wakata Mkonge

Katika majadiliano ya makada kuhusu teknolojia na ajira, hoja husikika kwamba mashine huja shambani, hushika nafasi ya mtu, na mtu huachishwa kazi. Hoja hiyo si ya uongo, lakini kwa nchi inayouza malighafi ni nusu ya ukweli. Mashine iliyowaondoa wafanyakazi wengi katika mashamba ya Tanga haikufungwa Tanga.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ilisalimika 62 tu, na ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya walowezi. Kodi ya kikoloni ikawasukuma manamba kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi, kila mmoja na kipande chake mkononi. Kufikia mwaka 1964 tulizalisha tani zipatazo 230,000, tukiongoza duniani. Lakini sehemu kubwa ilisafirishwa ikiwa singa, ikasokotwe kamba ng'ambo kwa wakulima wa huko.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Mwaka 1954, huko Milan, mwanakemia Giulio Natta alitengeneza polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Viwanda vya nchi za kibepari vikaanza kuisokota kamba. Bei ya mkonge ikaporomoka katikati ya miaka ya 1960, mashamba yakapunguza watu, mengine yakageuka vichaka. Mkata mkonge wa Korogwe alipoteza kazi kwa mashine ambayo hakuwahi kuiona.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilibadili mwenye shamba. Halikuweza kubadili mwenye soko. Tukiri pia kwamba uendeshaji mbovu wa mashamba ya umma uliongeza hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulibaki kama sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964.

Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kwa miaka mingi yaliyobaki yalimwagwa tu, pamoja na kazi zote ambazo yangeweza kuzaa. Katika miaka ya 2000, huko Hale, ulijengwa mtambo wa kufua umeme kwa gesi itokanayo na mabaki hayo. Jani lenyewe bado hukatwa kwa kisu, kwa mkono wa mtu.