Je, Wajua? Tanzania haina msindano wa asili hata mmoja

Misindano, au mipaina, ina zaidi ya spishi 100 duniani, na karibu zote huota zenyewe kaskazini mwa Ikweta. Spishi moja tu imevuka mstari huo bila kupandwa na mtu: *Pinus merkusii*, kisiwani Sumatra, Indonesia. Barani Afrika, misindano ya asili iko kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia.

Basi ile ya shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, nyanda za juu, imetoka wapi? Imepandwa. Spishi inayotawala huko, *Pinus patula*, asili yake ni milima ya Meksiko. Mizizi yake huhitaji kuvu maalumu; ndiyo maana wakuza miche huchanganya udongo wa bustani na ule uliotoka chini ya misindano mikubwa.

Huku chini, Utete na Kibiti, kwenye bonde la Mto Rufiji, miti ya asili ni mingine: mpingo, mninga na mkongo bara, mikoko kwenye delta ya mto huo. Hata mvinje wa pwani, wenye majani kama sindano, si msindano. Hizo “sindano” ni vijitawi vyembamba. Majani yenyewe ni vigamba vidogo mno.

Hata hivyo, Mufindi na Utete zinaunganishwa na maji. Mto Ruaha Ndogo huanzia nyanda za Mufindi, huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji. Sehemu ya mvua inayonyeshea misindano ya Meksiko hupita Utete ikielekea mikokoni.