Kiti cha Marehemu Hakifai Kufungiwa Ghalani

Ukipita katika nyumba za wafanyakazi wa mji wetu, ukaruhusiwa kufungua chumba cha nyuma ambamo huwekwa magunia ya mkaa, masufuria ya shughuli na baiskeli isiyo na tairi, si ajabu ukakuta humo jozi ya magongo, au kiti cha magurudumu kilichokunjwa na kufunikwa turubai. Ulizia ni cha nani. Utajibiwa kwa sauti ya chini: "Kilikuwa cha mzee." Mzee mwenyewe amekwisha kuzikwa, arobaini imepita, nguo zake zimegawanywa kwa jamaa, hata kofia yake imepata kichwa kingine. Kiti kimebaki.

Nayasema haya kwa kuwa nami nilikuwa na kiti cha namna hiyo. Baba yangu mkubwa alifanya kazi bandarini miaka mingi, akastaafu salama, kisha ugonjwa wa kisukari ukamnyang'anya mguu. Kiti alichokitumia kilitoka Ulaya, nacho kilikuwa kimekwisha kutumiwa na watu wengine kabla yake. Nyuma ya kiegemeo palikuwa na maandishi ya rangi, jina la hospitali ya huko, yamefutika nusu. Alipofariki, jamaa waliniomba nikihifadhi. Nikakihifadhi vyema mno, miaka mitatu mizima. Na katika miaka hiyo mitatu, kila asubuhi nilipokwenda ofisini, nilipita njia panda ambapo fundi viatu mmoja hufanya kazi chini ya mwembe. Mtu huyu alipatwa na polio utotoni. Alikuwa akitambaa kwa mikono, amevaa ndala viganjani, na wakati wa masika alifika kazini ana tope hadi kifuani. Ameshona viatu vyangu mara nyingi. Tumezungumza habari za mpira, za bei ya sukari na za uchaguzi. Haikunijia hata siku moja kwamba mimi nina kiti na yeye hana.

Nimejiuliza sababu. Uchoyo haukuwamo, kwani sikuwa na haja nacho. Huzuni ilikuwamo: kukitoa kiti kile kulikuwa kama kumtoa mzee nyumbani mara ya pili. Katika nyumba nyingine kuna khofu ya mkosi, watu wakidhani kwamba atakayekalia kiti cha marehemu huenda akarithi na maradhi yake. Na khofu hiyo haiondoki kwa kuchekwa, bali kwa jirani kuona kwa macho yake kiti kimesafishwa na mtu akaishi nacho vizuri. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni nyepesi sana. Hakuna aliyekuja kukiuliza. Waliotoa hawakuandika popote kwamba kimekwenda nyumba fulani, na hapakuwa na mlango wa kukirudisha. Katika mji wetu huu mtu aweza kurudisha chupa tupu ya soda akapokelewa kwa heshima, lakini akirudisha magongo ataulizwa anataka nini.

Tukumbuke ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wahitaji kiti cha magurudumu. Taarifa iliyotolewa na Shirika hilo pamoja na UNICEF mwaka 2022 yaeleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wahitaji kifaa kimoja au zaidi cha kuwasaidia, kuanzia miwani hadi viti, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni 3 tu katika kila 100 wenye kuhitaji, ilhali katika nchi tajiri hufika 90. Basi kiti kimoja kinapolala ghalani, kimelala juu ya haja ya mtu.

Aghalabu tukisikia hesabu hizo twasema: na waje wafadhili. Nao huja. Kontena hufunguliwa, viti hupangwa uwanjani, mgeni rasmi husukuma kimoja hatua tano mbele ya wapiga picha, watu hupiga makofi, na jioni kila mtu hurudi kwake. Sina neno baya juu ya moyo wa aliyetoa. Lakini naomba turuhusiwe kutazama kiti chenyewe baada ya makofi kwisha.

Kwanza, viti vingi vya mitumba viliundwa kwa ajili ya sakafu laini za hospitali. Magurudumu yake madogo ya mbele huzama katika mchanga wa Temeke kama kwato za ng'ombe kwenye jaruba la mpunga. Pili, kiti kina kipimo kama kiatu. Mtoto wa miaka minane akikalishwa katika kiti cha mtu mzima huegemea upande mmoja, na uti wa mgongo hufuata upande huo. Aliyepewa kumsaidia amempinda. Tatu, na hili ndilo la kutisha, mtu aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu makalioni. Akikaa kutwa juu ya kitambaa kitupu pasipo mto unaomfaa, nyama huoza pole pole naye hana habari, na kidonda cha namna hiyo huua. Kiti kilichotolewa kwa nia njema chaweza kumzika mtu.

Liko na jambo dogo ambalo mafundi wetu wa baiskeli walifahamu zamani. Tairi la inchi 24 la kiti cha kutoka ng'ambo si sawa na tairi la inchi 24 la baiskeli ya mtoto inayouzwa madukani kwetu. Majina ni mamoja, ringi ni mbili tofauti: moja yapata milimita 540, nyingine 507. Basi likipasuka, mwenye kiti huzunguka mji mzima akiambiwa "hilo hapa hakuna," na safari ya kiti huishia hapo, kwa kukosa mpira wa bei ndogo.

Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani ambaye mwenyewe hutumia kiti tangu alipoanguka na pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nicaragua mwaka 1980, akakuta vijana wanaoshirikiana kiti kimoja na kukitengeneza wenyewe. Alianza kazi pamoja na mafundi wa nchi mbali mbali ya kuunda viti vya kupita njia mbovu, vyenye matairi ya baiskeli yanayopatikana pale pale watu wanapokaa. Naona kwamba alijifunza mengi kwa wale vijana kuliko walivyojifunza kwake.

Yaliyo katika viti yamo pia katika mitambo ya hospitali. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walikusanya habari za vifaa 112,040 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakaona kwamba 38.3 katika kila 100 havifanyi kazi. Mara nyingi kilichokosekana ni mafundisho, vipuri na mtu wa kuvitunza. Hapo hapo niseme juu ya mashine za kutumiwa nyumbani: mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230, huungua kabla mgonjwa hajavuta pumzi ya pili.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya mtu aliyepooza aliyeteremshwa darini na watu wanne. Walimu wetu waliisifu imani ya wale wanne. Hakuna aliyetuuliza siku nyingine zote ni nani aliyekuwa akimbeba, wala kazi ya mbebaji ililala wapi. Kwetu mbebaji aghalabu ni mama, au ni binti aliyeachishwa shule. Kiti kikipatikana, hukomboa watu wawili.

Kazi inayotakiwa si ya miujiza. Nilipoamka hatimaye katika usingizi wangu, nilikipeleka kile kiti cha baba mkubwa kwa fundi wa baiskeli wa mtaani. Alikizungusha, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama kama daktari, akasema, "Bwana, kiti hiki hakina ugonjwa. Kina njaa ya grisi." Akafungua gololi, akaziosha kwa mafuta ya taa, akatupa zilizolika. Ringi ya zamani akaing'oa, akafunga ringi ya baiskeli ya mtoto katika habu ile ile kwa spoki mpya, na kwa njia hiyo tukapata tairi linalouzwa kila duka, tena pana zaidi, lisilozama upesi mchangani. Akalehemu kikanyagio kimoja kilichokatika. Breki akazikaza, kwani kiti kisicho na breki ni hatari mara mtu anapojaribu kuhamia kitandani. Chuma chote kilisuguliwa kwa sabuni, kikapanguswa kwa dawa ya klorini, kikaanikwa juani siku mbili. Mto wa zamani tuliuchoma moto; sponji iliyonywa jasho na mkojo wa mgonjwa haipokezanwi.

Magongo ni rahisi zaidi, lakini nayo yana adabu yake. Mpira wa chini ukilika hukatwa mwingine kutoka tairi la gari. Kati ya kwapa na gongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa huumiza mishipa ya fahamu na mikono ikafa ganzi. Mguu wa bandia usipokezanwe kienyeji hata kidogo, maana kikombe chake kilifinyangwa kwa kigutu cha mtu mmoja. Kifaa cha kusikilizia nacho sharti kipite kwa mtaalamu.

Wataalamu wa kazi hii tunao. Chuo cha TATCOT, pale KCMC Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, kikapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kwa kushirikiana na shirika la Motivation la Uingereza kikafundisha pia mafundi wa viti vya magurudumu. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 wataka mtu apimwe, achaguliwe kiti, kiti kitayarishwe, kilinganishwe na mwili wake, afundishwe kukitumia, kisha afuatwe tena baadaye. Kukabidhi mbele ya wapiga picha hakumo.

Norway wana desturi ambayo yafaa tuitazame bila kuona haya. Huko kiti, kitanda cha mgonjwa au kifaa cha kuinulia ni mali ya umma. Mtu huazimwa na kituo cha vifaa cha eneo lake kwa muda wote anaokihitaji; haja ikiisha hukirudisha, kikasafishwa, kikatengenezwa, kikapewa mwingine. Wenzetu wale ni matajiri na wangeweza kununua kipya kila siku. Nasi tusio na kitu ndio tunaotoa moja kwa moja, bila daftari, kisha twafungia ghalani.

Hatuhitaji kungoja jengo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hiyo yaweza kushika daftari moja: kifaa gani, upana gani, kiko kwa nani, kiliazimwa lini, kilitazamwa na fundi lini. Halmashauri nazo, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, zatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 katika hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mafundi wenye ulemavu, wenye mashine ya kulehemu na sanduku la spana, chastahili mkopo huo kama kikundi chochote cha kufuga kuku. Tena hao ndio wajuao kiti huuma wapi. Na katika viwanda na bandari, ambako mashine haziachi kujeruhi watu, tawi la chama cha wafanyakazi laweza kuwa na kabati la magongo pale pale, ili mwenzetu atokaye hospitali asitambae nyumbani kwake akingoja barua ijibiwe.

Kwa ndugu waliofiwa nina ombi moja. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, kiti na magongo vitajwe kwa sauti mbele ya jamaa wote, na jina la atakayevipeleka kwa kamati liandikwe. Nguo na godoro vina wenyewe siku zote. Hivi visipotajwa siku hiyo havitajwi tena.

Kiti cha baba yangu mkubwa sasa kiko chini ya ule mwembe. Kabla ya kumpa, tulimwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampima, na kwa bahati upana ulimfaa. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimelegea; fundi viatu hakukubali kishonwe na mtu mwingine. Alichukua turubai, msumari wake na uzi uliotiwa nta, akakishona mwenyewe kwa mishono miwili miwili. Siku zilizofuata watu wawili walimletea vitambaa vya viti vyao, naye huvishona kwa bei ya soli. Nilipompitia wiki iliyopita, alinionyesha gurudumu la mbele la kushoto: lina ufa. Fundi wa baiskeli hajapata la kipimo kile, na sasa ajaribu kulikata kutoka tairi la lori. Mimi nimeandika katika daftari la mtaa: kiti namba 1, gurudumu la mbele, latafutwa.