Nani Apokee, Nani Alipe: Utangulizi wa Somo la Hifadhi ya Jamii

Keti kwenye kijiwe chochote cha kahawa siku ambayo walengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, wanalipwa. Utasikia karibu hoja zote ambazo wasomi wa hifadhi ya jamii wamekuwa wakibishania tangu Ujerumani ya Bismarck ilipoanzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Mmoja atasema hela hizi zinalemaza watu. Mwingine atauliza imekuwaje fulani yumo na jirani yake hayumo. Wa tatu, pengine mwalimu au mwenye duka, atasema kwa uchungu kwamba hizo ni kodi zetu. Karibu, basi, msomaji. Mabishano yenyewe umeyazoea. Ninachokuomba ni kwamba kila unaposikia maneno "kodi zetu", uifuate shilingi hadi mfukoni ilikotoka.

Tuanze na mama aliye kwenye mstari wa malipo. TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukaanza chini yake mwaka 2012, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja. Mama huyu akishapokea ruzuku, anapitia dukani kununua sabuni, na kwenye bei ya sabuni imo VAT ya asilimia 18. Akinunua vocha, amelipa VAT na ushuru wa bidhaa juu yake. Serikali ilipoweka tozo za miamala ya simu Julai 2021, hata fedha aliyotumiwa na mwanawe wa mjini ilikatwa, mpaka kelele za wananchi zikafanya tozo ipunguzwe kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Hana TIN, na pengine hajawahi kukanyaga ofisi ya TRA, lakini ni mlipa kodi wa kila siku.

Sasa mtazame mwalimu. Mchango wake katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 20 ya mshahara: asilimia 5 anakatwa yeye, asilimia 15 anatoa mwajiri. Mwajiri wake ni serikali, na hazina ya serikali inajazwa na kodi, ikiwemo ile ya sabuni. Pensheni hiyo ni haki yake, ameitolea jasho, nami ningekuwa wa kwanza kumtetea. Mwaka 2018 kikokotoo kipya cha mafao kilipotaka kushusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, kwa watumishi waliokuwa wakipata asilimia 50, hasira ilikuwa kubwa hata Rais Magufuli akakisitisha Desemba mwaka huohuo. Kikarudi 2022 kwa asilimia 33, na mwaka 2024 kundi hilo likapandishiwa hadi 40. Katika miaka yote hiyo ya malumbano sikumsikia mtu akiuliza kama mafao yatamlemaza mstaafu. Swali hilo tumewawekea maskini peke yao, na naamini tumewaonea.

Lakini hoja ya uvivu tusiipuuze, maana ina mizizi mirefu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, aliitumia methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu, akisisitiza kwamba katika jamii ya jadi kila mwenye nguvu alifanya kazi. Anayeitumia hoja hiyo leo anapaswa kutazama ushahidi pia. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti za nchi nyingi, wakaona kwamba kwa ujumla wanaopewa fedha taslimu hawaongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Kule Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakakuta kila dola iliyotolewa imezalisha kama dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, nyingine zikiwafikia majirani ambao hawakupewa chochote.

Swali la nani apokee ndilo gumu zaidi. Kijijini, mkutano wa hadhara hutaja kaya zilizo hoi, kisha dodoso hujazwa: paa la aina gani, sakafu gani, mifugo mingapi, wategemezi wangapi. Mjane aliyeezeka bati zamani, mumewe akiwa hai na shamba likitoa, anaweza kupata alama za mwenye nafuu kuliko kijana wa nyumba ya nyasi ambaye ng'ombe wake wako kwa shemeji. Wote waliokaa mkutanoni wanajua, lakini fomu haijui. Na mjane akikatwa, chuki yake inamwangukia jirani aliyebaki kwenye orodha.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2016, Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 anapata pensheni jamii, awe aliwahi kuwa waziri au mvuvi, bila kuchunguzwa paa lake. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha ya bajeti ya serikali yenyewe. Uganda ilianza na wazee wa miaka 65 katika wilaya chache kwa msaada wa Uingereza na Ireland, na ilipoueneza mpango nchi nzima ikapandisha umri hadi miaka 80. Wasomi wa Sweden Walter Korpi na Joakim Palme waliandika mwaka 1998 kwamba nchi zinazowalenga maskini peke yao huishia kuwapa kidogo, kwa kuwa wenye kipato cha kati hawaoni sababu ya kuchangia. Waliandika juu ya nchi tajiri, lakini mjadala wetu wa Unguja na Kampala hauwezi kuwapita.

Kuna mlipaji mmoja ambaye hatajwi kijiweni. Sehemu kubwa ya ruzuku za Bara imetokana na mikopo ya masharti nafuu ya Benki ya Dunia. Ule wa mwaka 2019 peke yake ulikuwa dola milioni 450. Mikopo ya aina hiyo hulipwa kwa miongo kadhaa. Mtoto ambaye kaya yake inapewa ruzuku kwa sharti ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo, ndiye atakayekuwa mtu mzima na mlipa kodi wakati marejesho yanaendelea. Binafsi naona ni deni lenye faida kuliko mengi tuliyoyabeba, kwa kuwa limemweka darasani. Hata hivyo Bunge linapojadili ruzuku hizo, yeye hajaulizwa, na sura ya kwanza ya kitabu hiki inaanza na vitabu vya bajeti ambamo deni lake limeandikwa.